Kutengeneza Asidi Laktiki kwa Bakteria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Viwanda wa Nairobi

Maswali yaliyo hapa huletwa zaidi na watu wa aina tatu: wenye viwanda vya ngozi wanaotaka kujua kama wanaweza kuacha kuagiza asidi kutoka nje, wanafunzi wa sayansi ya vyakula na uhandisi wa kemikali, na wafanyabiashara waliosikia kwamba plastiki ya mimea hutokana na asidi hii. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Kukuza bakteria ni kazi ya siku chache, lakini kuitoa asidi ndani ya tangi ikiwa safi ndiko kunakoamua kama kiwanda kitasimama.

Asidi laktiki ni nini, na kwa nini itengenezwe kwa bakteria?

Ni asidi ileile inayoyapa maziwa lala na uji uliochachushwa ukali wake. Mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na uzalishaji wa kibiashara ulianza Marekani mwaka 1881, katika mji wa Littleton, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1895 kampuni ya Boehringer ilianza kuizalisha kwa wingi huko Ingelheim, Ujerumani.

Molekuli yake huwa na maumbo mawili, L na D, yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Njia ya kemikali huunganisha asetaldehidi na sianidi ya hidrojeni, kisha zao lake huvunjwa kwa asidi kali, na matokeo yake ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maumbo hayo. Bakteria aliyechaguliwa vizuri hutoa umbo moja tu, au karibu moja tu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya sehemu kubwa kabisa ya asidi laktiki duniani leo kutoka kwenye matangi ya kuchachushia. Sababu nyingine ni kwamba hakuna meneja mwenye busara anayetamani kuhifadhi sianidi katika Eneo la Viwanda iwapo ana njia mbadala.

Ni nani hasa anayeinunua?

Wanunuzi ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Viwanda vya vinywaji, peremende, sosi na nyama huitumia kuongeza ukali na kuzuia vijidudu, na kwenye lebo huandikwa E270. Chumvi zake, laktati ya sodiamu na laktati ya kalsiamu, ni E325 na E327. Waokaji wa mikate hutumia viungo vinavyotokana nayo ili donge lishike hewa vizuri. Watengenezaji wa vipodozi huitia kwenye losheni, nao watengenezaji wa sabuni za usafi huitumia kuondoa magaga ya chokaa kwenye mabomba na vyombo. Hospitalini, maji ya dripu aina ya Ringer-laktati yana laktati ya sodiamu ndani yake.

Mnunuzi anayesahaulika ni mtengeneza ngozi. Ngozi mbichi inapofika kiwandani, iwe Athi River au Limuru, hulowekwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke na nyuzi zifunguke. Chokaa hiyo lazima iondolewe kabla ya hatua zinazofuata. Asidi ya salfa ikitumiwa huunda jasi isiyoyeyuka vizuri, na jasi hubaki ndani ya ngozi na kuikwaruza, ilhali asidi laktiki huunda laktati ya kalsiamu inayoyeyuka na kutoka na maji. Fundi hukata ukingo wa ngozi kwa kisu na kudondoshea tone la fenolftalini kwenye mkato. Rangi ya waridi ikionekana katikati, chokaa bado imo. Ngozi inayopita kipimo hicho haijali kama asidi iliyotumika ni ya kahawia au nyeupe, na jambo hili lina uzito mkubwa katika swali linalofuata.

Nianze na asidi ya daraja gani?

Anza na ile ambayo mnunuzi wako ataikubali ikiwa na dosari. Daraja la kiufundi, linalotumiwa na viwanda vya ngozi na wasafishaji wa vyombo, huvumilia rangi, mabaki ya sukari na harufu kidogo. Daraja la chakula, ambalo kwa kawaida huuzwa likiwa na nguvu ya asilimia 80 au 88, halivumilii metali nzito wala ladha ya ajabu. Daraja la dawa ni kali zaidi, na la plastiki hudai kwamba karibu asidi yote iwe ya umbo moja, kwani mchanganyiko huharibu fuwele na kushusha joto ambalo plastiki hiyo inaweza kulistahimili.

Wengi huanza kwa kununua tangi, kisha hutafuta mbegu ya bakteria, na mwisho ndipo huuliza asidi hiyo itauzwa kwa nani. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Daraja unalolenga huamua malighafi, malighafi huamua bakteria, na vyote viwili huamua mitambo ya kusafishia, ambayo mara nyingi huwa ghali kuliko tangi lenyewe. Kwa mtu anayeanza hapa Nairobi, ushauri wangu ni kuanza na daraja la kiufundi kwa ajili ya viwanda vya ngozi, na kutogusa habari za plastiki mpaka atakapokuwa na wateja wanaolipa.

Bakteria gani anafaa?

Bakteria wa asidi laktiki hugawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza hugeuza molekuli moja ya glukosi kuwa molekuli mbili za asidi laktiki, kwa hiyo kilo moja ya sukari inaweza kinadharia kutoa kilo moja ya asidi, na viwandani hupatikana gramu 900 hadi 950. Kundi la pili hutoa pia pombe na gesi ya kaboni dayoksaidi, na nusu ya sukari hupotea. Viwanda hutaka kundi la kwanza.

Lactobacillus delbrueckii hustawi kwenye nyuzi 45 za Selsiasi, hula sukrosi ya molasi kama ni nususpishi (tawi la spishi) ya delbrueckii, na hutoa umbo la D. Lactobacillus rhamnosus na Lactobacillus casei hutoa zaidi umbo la L. Bacillus coagulans hutoa L pia, na hufanya kazi kwenye nyuzi 50 hadi 55, joto ambalo vijidudu wavamizi wengi hawaliwezi. Unapoagiza kutoka hifadhi za vijidudu kama DSMZ ya Ujerumani au ATCC ya Marekani, kumbuka kwamba jenasi ya Lactobacillus iligawanywa upya mwaka 2020, kwa hiyo casei na rhamnosus utawakuta chini ya Lacticaseibacillus. Watu wamewahi kudhani kwamba wametumiwa bakteria wasiyemwagiza.

Daraja la chakula lina angalizo moja. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO ilikwisha kueleza kwamba umbo la D na mchanganyiko wa D na L havifai katika vyakula vya watoto wachanga. Ukilenga soko hilo, chagua bakteria wa L tangu mwanzo, kwa sababu kutenganisha maumbo hayo baadaye ni kazi ngumu na ya gharama.

Je, naweza kutumia mbegu ya mtindi wa dukani, au mursik?

Kwa majaribio ya darasani unaweza, lakini kwa kiwanda hapana. Mbegu ya mtindi ina bakteria wawili wanaosaidiana. Mmoja wao, Lactobacillus delbrueckii nususpishi bulgaricus, hupenda laktosi ya maziwa na hatumii sukrosi, kwa hiyo ukimtia kwenye molasi atakaa tu. Mursik ya Wakalenjin na maziwa ya kuchacha ya Wamaasai yaitwayo "kule naoto" ni vyakula vyenye jamii nzima ya vijidudu, na watafiti waliochunguza kule naoto waliwakuta Lactobacillus plantarum kwa wingi. Bakteria huyo ni hodari na mvumilivu, ila hutoa mchanganyiko wa L na D. Jamii kama hiyo ni utajiri kwa mnywaji, lakini mwenye kiwanda hutaka bakteria mmoja, anayetenda jambo moja kila siku.

Anayetaka kutenga bakteria wake kutoka vyakula vya kienyeji na kuwauza anapaswa kujua kwamba rasilimali za kibiolojia na maarifa ya jamii zinalindwa kisheria nchini. Apate vibali na makubaliano na wenyeji kabla ya kuchukua sampuli ya kwanza.

Malighafi ipi inapatikana kwa bei nafuu hapa?

Molasi ndiyo jibu la haraka. Huwa na takriban nusu ya uzito wake sukari, na hutoka kwenye viwanda vya sukari vya magharibi, kwenye ukanda wa Nzoia, Chemelil na Muhoroni. Ina washindani, hata hivyo: wafugaji huinunua kwa ajili ya ng'ombe, na kiwanda kingine kilichoko Muhoroni hutengeneza spiriti na hamira kutokana nayo. Viwanda vya sukari vinapofungwa kwa matengenezo bei hupanda, na mtu asiye na tangi la akiba hujikuta anasimamisha kazi. Zaidi ya hayo, molasi ni nyeusi na ina metali na chumvi nyingi, kwa hiyo asidi itokayo humo huhitaji kusafishwa sana. Kwa daraja la kiufundi inafaa, ila ukilenga daraja la chakula piga hesabu kwanza.

Maji ya jibini yana laktosi ya asilimia 4.5 hadi 5, na mara nyingi mwenye kiwanda cha jibini hufurahi kuyatoa bure. Tatizo ni kwamba unasafirisha maji. Lori la lita 10,000 hubeba nusu tani ya sukari au pungufu. Yafaa tu kama kiwanda chako kiko jirani.

Muhogo na mahindi yana wanga, na wanga lazima uvunjwe kwa vimeng'enya kwanza: kimoja hufanya kazi karibu na nyuzi 90, cha pili karibu na nyuzi 60. Sukari inayopatikana ni safi kuliko ile ya molasi. Mahindi siyapendekezi. Unga unapopanda bei mjini, kiwanda kinachoyageuza mahindi kuwa asidi kitakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Muhogo una nafasi nzuri zaidi, hasa aina chungu zisizopendwa mezani, ila lazima uchakatwe ndani ya siku mbili tatu baada ya kung'olewa, la sivyo huanza kuoza.

Sukari peke yake inatosha?

Haitoshi. Bakteria hawa ni walaji wenye masharti. Wamezoea maziwa na mimea inayooza, ambako vitamini za kundi B na asidi za amino zimejaa tele, na wengi wao wamepoteza uwezo wa kujitengenezea wenyewe. Maabara huwapa dondoo ya hamira, lakini dondoo hiyo ni ghali kiasi kwamba inaweza kuzidi gharama ya sukari. Njia mbadala ni hamira iliyotumika kutoka viwanda vya bia, ikapashwa moto na kuachwa ijivunje yenyewe. Nayo lazima ijaribiwe kwa kila shehena, kwa kuwa ubora wake hubadilika.

Uchachushaji wenyewe huendaje?

Kiowevu chenye sukari ya gramu 100 hadi 150 kwa lita huchemshwa au kupitishwa kwenye mvuke, hupozwa, kisha hutiwa mbegu ya bakteria iliyokuzwa kwenye vyombo vidogo vidogo, ambayo huwa asilimia 5 hadi 10 ya ujazo. Hewa haihitajiki. Koroga taratibu, kiasi cha kuzuia chaki inayotiwa kutuliza asidi isitulie chini. Joto hudhibitiwa kulingana na bakteria, na pH (kipimo cha ukali wa asidi) huwekwa kati ya 5.5 na 6.5. Kwa siku mbili hadi nne sukari huwa imekwisha.

Udhibiti wa pH ndio moyo wa kazi. Asidi ikiachwa ijikusanye, bakteria hujizuia wenyewe, na pH inaposhuka chini ya 4 wengi husimama hata kama sukari imebaki nusu. Kwa hiyo asidi hutulizwa kadiri inavyotoka, kwa chaki au kwa chokaa iliyozimwa. Chukua mfano wa tangi la lita 1,000 lenye kilo 100 za sukari. Ukipata kilo 90 za asidi, utahitaji takriban kilo 50 za chaki, na chaki hiyo itatoa takriban kilo 22 za kaboni dayoksaidi. Katika hewa ya Nairobi hizo ni kama mita za ujazo 15 za gesi, nayo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini sakafuni. Chumba kisicho na matundu ya kutolea hewa karibu na sakafu ni hatari kwa mtu anayeinama kuokota kitu. Tunza pia povu: chaki ikimwagwa gunia zima kwa mara moja, povu hupanda kwa dakika chache, hujaza shingo ya tangi na kumwagika sakafuni pamoja na bakteria wako. Tia kidogo kidogo, na uache robo ya tangi ikiwa tupu juu.

Usizidishe sukari ukitumia chaki. Laktati ya kalsiamu haiyeyuki sana, na inapozidi huganda kama uji mzito ndani ya tangi, hasa joto likishuka usiku. Kuna wateja waliolazimika kulipasha tangi moto upya ili tu liweze kumwagwa.

Je, mwinuko wa Nairobi una athari yoyote?

Una athari, na vitabu vingi vilivyoandikiwa watu wa pwani havitaji. Mji upo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Vitabu husema kwamba shinikizo la paundi 15 kwa inchi ya mraba kwenye kipimo cha chombo cha mvuke huleta nyuzi 121. Hapa, kipimo kilekile kikisoma 15, ndani ya chombo kuna nyuzi 118 hivi, kwa kuwa kipimo huonyesha tofauti na hewa ya nje, nayo hewa ya nje ni nyepesi. Ili ufikie 121, kipimo kinapaswa kusoma karibu 18. Spora za bakteria, yaani vijimbegu vyao vinavyostahimili joto, huweza kuokoka katika tofauti hiyo ya nyuzi tatu. Usitegemee kipimo cha shinikizo pekee, weka na cha joto, na hakikisha kwamba chombo chenyewe kimeruhusiwa na mtengenezaji kufika shinikizo hilo.

Jambo la pili ni baridi. Mwezi wa Julai usiku wa Nairobi hukaribia nyuzi 10, na tangi lisilofunikwa litakula mvuke mwingi ili kubaki kwenye 45. Pamba ya kioo na bati la nje hulipia gharama zake haraka.

Nitajuaje kama kazi inakwenda sawa?

Kipimo cha kwanza ni cha asidi huru. Chukua mililita 10 za kiowevu kilichochujwa, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha dondosha hidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1 ukitikisa. Kila mililita inayotumika huwakilisha miligramu 9 za asidi laktiki. Kwenye maji ya jibini fenolftalini inatosha: waridi hafifu inayodumu nusu dakika ndiyo mwisho. Kwenye molasi hutaona waridi yoyote kwa ajili ya ule ukahawia, kwa hiyo tumia mita ya pH na usimame kwenye 8.3.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Tangi likiwa linatulizwa kwa chaki, karibu asidi yote imekuwa laktati. Kwenye pH 5.5 ni asilimia 2 hivi tu iliyo huru, na kipimo hiki kitakuambia kuna gramu 2 kwa lita ilhali zipo 90. Mtu hukata tamaa na kumwaga tangi lililofanikiwa. Fuatilia badala yake kiasi cha chaki kilichotumika, pima sukari iliyobaki, au pima kalsiamu iliyoyeyuka. Maabara zenye kromatografia (mitambo ya kutenganisha na kupima kemikali) zitakupa jibu la uhakika, pamoja na taarifa kama kuna asidi nyingine zilizoingia.

Tangi langu linanuka siagi mbovu. Kuna nini?

Huenda ni bakteria wa Clostridia, wanaokula laktati na kutoa asidi butiriki. Huwezi kuwafukuza wakishaingia, kwa hiyo mwaga, osha kwa magadi moto, pitisha mvuke, kisha anza upya. Harufu ya pombe huashiria hamira pori. Utelezi unaonyumbuka kama makamasi, hasa kwenye molasi, ni kazi ya bakteria wa Leuconostoc, ambao hugeuza sukrosi kuwa dekstrani na kuziba chujio. Kama hakuna harufu wala utelezi, lakini bakteria wanaacha kazi ghafla baada ya saa chache za mwanzo mzuri, shuku virusi vinavyoshambulia bakteria. Dawa yake ni kuwa na bakteria wa akiba wa aina mbili au tatu zisizoathiriwa na virusi vilevile, na kuzitumia kwa zamu.

Asidi hutolewaje kwenye tangi?

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika sana, ni hii. Kiowevu hupashwa moto ili laktati iyeyuke na bakteria wafe, kisha huchujwa. Asidi ya salfa hutiwa polepole mpaka kalsiamu yote igeuke kuwa jasi, na asidi laktiki ibaki huru kwenye maji. Jasi huchujwa na kuoshwa, kwa sababu asidi nyingi hubaki imenaswa ndani yake. Baada ya hapo kiowevu hupitishwa kwenye mkaa amilifu ili rangi iondoke, kisha kwenye resini za kubadilisha ioni ili metali ziondoke, na mwisho hukolezwa kwenye chombo cha ombwe.

Kwa mfano wetu wa kilo 90, utatumia takriban kilo 49 za asidi ya salfa na utabaki na takriban kilo 86 za jasi ikiwa kavu. Kwa maneno mengine, kila tani ya asidi laktiki huleta karibu tani moja ya jasi. Keki ya jasi ikitoka kwenye chujio huwa nyeupe iliyochafuka, laini kama tope, na hushikilia maji kiasi kwamba uzito wake halisi unapoipeleka kwenye lori unazidi hesabu hiyo kwa mbali.

Ukolezaji nao una gharama zake. Kutoka kiowevu cha asilimia 10 hadi tani moja ya asidi ya asilimia 80, lazima tani 7 za maji ziondolewe kama mvuke. Kwa boila ya makaa ya vumbi na chombo kimoja cha ukolezaji, bili ya makaa inaweza kumaliza faida yote. Mfululizo wa vyombo vitatu, ambapo mvuke wa kimoja hupasha kingine, hupunguza matumizi hadi chini ya nusu. Tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 pale asidi inapokuwa moto na kali. Daraja la 304 hutoboka.

Je, kuna njia isiyoleta jasi?

Ipo zaidi ya moja. Elektrodialisi hutenganisha laktati kwa umeme na utando, na hurudisha alkali kwenye tangi. Njia nyingine huunganisha asidi na methanoli kuwa esta, huivukiza esta hiyo na kuukusanya mvuke wake, kisha huivunja tena, na asidi inayopatikana ni safi sana. Wengine wamegeukia hamira zilizobadilishwa vinasaba ambazo huvumilia pH ya chini, ili kupunguza chokaa tangu mwanzo. Zote zinahitaji umeme wa uhakika na mtaji mkubwa. Kwa kiwanda kidogo ni nafuu kumtafuta mtu wa kuichukua jasi: viwanda vya saruji vya Athi River hutumia jasi kurekebisha kasi ya kuganda kwa saruji, ingawa watakataa jasi yenye sukari, kwani sukari huchelewesha saruji kuganda. Ndiyo maana kuiosha si hiari.

Na PLA, ile plastiki ya mimea inayotokana na asidi laktiki, je?

Kiwanda cha NatureWorks kilichoko Blair, jimbo la Nebraska, kina uwezo wa takriban tani 150,000 kwa mwaka. Hicho ndicho kipimo cha biashara hiyo. Asidi hugeuzwa kwanza kuwa laktidi, ambayo ni pete ya molekuli mbili, kisha pete hizo hufunguliwa na kuunganishwa kuwa mnyororo mrefu. Hakuna karakana ya Kariobangi itakayoshindana nacho kwa bei. PLA hulainika karibu na nyuzi 60, kwa hiyo kikombe chake hakifai chai, na huoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto hilohilo na unyevu, wala si kando ya barabara. Kuhusu mifuko, usidhani kwamba chanzo cha mimea kinakuondoa kwenye katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 28 Agosti 2017. Uliza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi.

Vibali na majitaka?

Tathmini ya athari kwa mazingira hupitia NEMA, na alama ya ubora wa bidhaa hupitia KEBS, shirika la viwango. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, hutoa huduma za maabara na mitambo ya majaribio, na ni mahali pazuri pa kujaribu kabla ya kununua chochote. Majitaka ya kiwanda hiki yana sukari, protini na laktati, na hunyonya oksijeni yote kwenye mto yanakoingia. Mto Ngong na Mto Nairobi vimekwisha kubeba vya kutosha. Tangi lako la kutibu majitaka lipangwe pamoja na tangi la kuchachushia, kwenye ramani moja na bajeti moja. Kumbuka pia kwamba asidi ya salfa imo kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya, kwa hiyo kumbukumbu za ununuzi na matumizi yake zitunzwe vizuri.

Asidi iliyokamilika huhifadhiwaje?

Iweke kwenye mapipa ya plastiki nzito yenye mifuniko, kivulini, mbali na chokaa na magadi. Haiozi wala haigandi kwa baridi yetu. Asidi ya asilimia 88 ina tabia moja ya kumweleza mnunuzi: inapokolezwa, baadhi ya molekuli huungana zenyewe kwa zenyewe, na kipimo cha kawaida cha alkali huonyesha upungufu usiokuwapo. Ili kupata jumla halisi, zidisha alkali, chemsha sampuli kwa dakika kadhaa, kisha pima alkali iliyosalia. Andika njia hiyo kwenye hati ya kila shehena, na ugomvi mwingi kuhusu nguvu ya asidi hautafika kwenye simu.